Mbio za Kwenda Bombani

Wakati wa corona jirani yangu alifiwa na baba yake, na baada ya maziko akalitoa godoro la marehemu nyuma ya nyumba akalichoma. Lilikuwa godoro la sponji, lakini chini yake palikuwa na mkeka wa zamani wa majani, na mkeka ndio ulioshika moto kwanza. Moshi ukavuka ukuta ukaingia kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, nikiwaangalia wajukuu.

Shule zilikuwa zimefungwa. Baba yao alikuwa amezuiliwa mgodini pamoja na wenzake, analala huko na kufanya kazi huko, asituletee ugonjwa. Watoto hawakuwa na mahali pa kwenda. Walilala mpaka jua la saa sita, wakaamka na uso uliovimba, na jioni miili yao ilipokumbuka kwamba haijafanya lolote tangu asubuhi, walianza kurukaruka kwenye viti. Siku hiyo walikuwa wamebuni mchezo: unatoka mlangoni mbio, unagusa ukuta, unarudi mbio. Mdogo wao, msichana wa miaka mitano, alikuwa akishindwa kila mara na kila mara anataka kurudia.

Harufu ya mkeka ilipofika puani mwangu, nikamwona yule mtoto anageuka ukutani, anarudi kwangu akihema, na nikapiga kelele akae chini. Sikuwa nimewahi kumpigia kelele. Binti yangu alitoka jikoni akaniangalia. Akasema, "Tata, batoto banacheza tu." Nikaingia ndani nikakaa kitandani.  Jibu lake ninaliandika hapa kwa sababu wengi wa umri wangu walikulia katika kambi kama yetu, nao watanielewa bila maelezo mengi.

Kambi ya wafanyakazi wa mgodi tuliyokaa ilikuwa na nyumba za matofali mbili mbili, zimegawana ukuta mmoja, na mbele ya kila nyumba kiwanja kidogo kilichofagiliwa hadi udongo ukang'aa. Kila barabara ilikuwa na bomba moja la maji, sisi tuliita robine, mwishoni kabisa, juu ya saruji iliyokuwa na utelezi. Maisha yetu yaliendeshwa na king'ora. King'ora cha alfajiri kiliwatoa wanaume, cha saa sita kikatuambia chakula, cha jioni kikatuingiza ndani. Mtoto wa kambi hakuhitaji kubembelezwa. Tulikuwa tumeshinda tukisukuma matairi, tukicheza mpira wa matambara, tukipanda mlima wa udongo uliotolewa shimoni, na kile king'ora cha jioni kilipolia miguu yetu ilikuwa imekwisha kulala kabla yetu.

Baba alifanya kazi kwenye treni iliyobeba mawe ya shaba kutoka shimoni, na mara nyingi alikuwa posti ya usiku, yaani zamu ya usiku. Wiki hizo mama alitundika koti lake la kazi kwenye msumari nje ya mlango. Ndivyo wanawake wote wa kambi walivyofanya. Mtu akiona koti la bluu nje, anajua ndani kuna mwanamume wa usiku amelala, na muuza mboga anapita kimya, na watoto wanahamia barabara nyingine na kelele zao. Sijaona heshima kama ile mahali pengine. Mama angeweza kutwanga kisamvu chini ya koti hilo bila mchi kusikika.

Kisha ikaja homa ya mafua. Wakubwa waliiita gripe, na walisema inazunguka dunia nzima, imepanda meli, imepanda treni, imefika hata kwetu. Geti la kambi likafungwa. Wanaume peke yao waliruhusiwa kutoka, nao walichukuliwa na lori na kurudishwa na lori, wakanyunyiziwa dawa mikononi na kwenye viatu. Watoto tuliambiwa tusivuke kiwanja cha nyumba. Mlinzi mwenye fimbo alikaa mwisho wa barabara kutuhesabu kwa macho.

Sikuwa nimefika miaka tisa. Dada yangu Zefi alikuwa na mitano. Kabla ya hapo nilimwona kama mzigo niliowekewa mgongoni, kila niendako ananifuata akivuta shati langu. Sasa tulibaki wawili katika chumba kimoja na baba aliyelala nyuma ya pazia. Mama alitukataza kukimbia, kuimba, kugombana na hata kucheka. Tulikaa tumeegemea ukuta kama magunia. Kwa kukaa hivyo tukasinzia mchana, na usiku tukawa macho, tukigeukageuka kwenye mkeka mmoja, Zefi akiniomba nimpigepige mgongoni ndipo usingizi umjie. Nilimpigapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mama alisema usingizi wetu umepoteza njia.

Kitu kimoja tu kilitutoa nje, nacho ni mbio za asubuhi.

Muuguzi wa upande wetu tulimwita Tata Leonardi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kitambaa cheupe usoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Alikuwa na barabara nyingi za kukagua na kipimajoto kimoja, kwa hiyo alikuwa amejitungia njia yake. Alifika saa moja, anapiga kofi mara mbili, na watoto wa nyumba moja wanatoka kusimama mlangoni. Anawaambia wakimbie mpaka bombani, waliguse, warudi. Alisema mtoto mwenye homa hakimbii, hata umfukuze na mbwa. Aliyerudi vizuri, mlango wao ulichorwa mstari wa chaki. Aliyekataa, au aliyekaa chini njiani, ndiye aliyepimwa kwa kipimajoto. Na akionekana ana homa, alipelekwa kwenye nyumba za nyuma, majengo mawili marefu yaliyotengwa na kambi kwa uwanja wa majani.

Hatukujua kwamba huo ni ukaguzi wa ugonjwa. Sisi tulijua mbio tu. Siku nzima ilikuwa imefupishwa mpaka ikabaki zile dakika mbili, na tulizingojea tangu gizani. Nyumba ya jirani, waliogawana nasi ukuta, ndimo alimokuwa Kasongo, rafiki yangu na adui yangu. Kasongo alikuwa mnene kidogo na mdomo wake haukuwa na mlango. Walipomaliza mbio zao alinizomea kupitia ukuta mfupi wa kiwanja.

"Weye unakimbia kama bata iko na mimba," aliniambia. "Robine inakuona, inacheka."

Nilimjibu vibaya zaidi, jambo ambalo sitaliandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa michezo yetu.

Asubuhi moja Kasongo alikimbia mpaka nusu ya barabara, akasimama, akashika magoti. Kisha akakaa chini kwenye vumbi. Tata Leonardi alimfuata, akamwekea kipimajoto kwapani, akaandika kwenye daftari lake. Wanaume wawili wakaja na machela. Mama yake alilia, amejifunga kitenge kiunoni kama wanawake wanavyojifunga kwenye msiba. Machela ilipopotea, wale wanaume walirudi, wakatoa mkeka wa Kasongo na blanketi lake, wakaweka nyuma ya nyumba, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha.

Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe nikichungulia. Harufu ile ya majani makavu yaliyolowa jasho la mtoto iliniingia, na nikaelewa, nilivyodhani, kila kitu. Mtu anachomewa mahali pake pa kulala kwa sababu hatalala tena. Kasongo amekufa, au atakufa, na wakubwa wanajua. Na amekufa kwa sababu gani? Kwa sababu hakufika bombani.

Msinicheke. Hakuna aliyetuambia kwamba mikeka inachomwa kwa ajili ya usafi, au kwamba kule nyuma kuna vitanda vya chuma. Siku mbili baadaye dada yake Kasongo, Mado, aliniambia kupitia ukuta kwamba mdogo wake yuko salama na anakula mikate. Nilimwonea huruma. Bibi yetu alipofariki, mimi na Zefi tuliambiwa amekwenda mji wa mbali, Dilolo, kutafuta samaki wakavu, na tulimngojea na samaki wake miezi mingi. Nilikuwa nimekwisha kujua jinsi wakubwa wanavyowaambia watoto habari za wafu. Nikamwambia Mado kwamba ni vizuri, mikate ni mitamu, na nikashuka kwenye jiwe.

Kwangu mimi hesabu ikawa moja tu. Mimi nilikuwa na mbio. Zefi hakuwa nazo. Kila asubuhi alifika bombani wa mwisho, akichezea maji kwanza, akirudi akiokota vitu njiani. Siku moja Tata Leonardi alimtazama muda mrefu kabla ya kuchora chaki.  Nikaamua kumfundisha.

Kwa kuwa baba alikuwa amelala, tulifanya mazoezi bila sauti. Nilikunja gunia la unga wa posho mara nne, nikalitandika pembeni ya mlango, na Zefi akaruka juu yake, miguu mitupu, magoti juu, mimi nikihesabu kwa vidole. Mara ishirini, kupumzika, mara ishirini. Kisha kukimbia pale pale bila kusogea. Kisha kuchuchumaa na kusimama. Nyuma ya pazia baba alikoroma, na tulijifunza kutua mkoromo wake unapopanda. Zefi mwanzoni aliona ni raha. Uso wake ulijaa jasho na alikuwa akifunga mdomo kwa mikono miwili asicheke. Mama akirudi kutoka kwenye foleni ya posho alitukuta tumelowa, moto moto, tunahema, akatikisa kichwa. Alitukaripia kwa kunong'ona, lakini nadhani alifurahi pia. Usingizi wetu ulikuwa umeanza kurudi mahali pake.

Zefi akachoka na mchezo kabla sijachoka mimi. Ilikuwa alasiri, joto limejaa chumbani, akakaa juu ya gunia.

"Yaya, mi nachoka," alisema; yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.

Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia sikioni, taratibu, baba asisikie: "Ukichoka, batachoma mukeka yako."

Akaniangalia. Akasimama akaruka. Sikuhitaji kumwambia mara ya pili, siku hiyo wala zilizofuata.

Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, na bado lingekuwa kosa la mtoto tu kama homa isingeingia nyumbani mwetu. Iliingia. Sijui kama ilikuja na viatu vya baba au na maji ya bomba ambalo watoto wote wa barabara waliligusa kila asubuhi kwa mikono. Nililiwaza hilo nikiwa mtu mzima.

Siku hiyo, baada ya mbio za asubuhi, Zefi alirudi kulala, na baba alipokuwa amekwisha kuingia nyuma ya pazia, aliamka macho yakiwa mekundu, hataki uji. Mama alikuwa akijifunga kitenge aende kwenye foleni. Akapita, akamwekea mkono kwenye paji la uso, akasimama.

"Huyu mutoto iko moto," alisema.

Nilikuwa tayari na jibu kabla hajamaliza. Gunia lilikuwa limetandikwa pale pale. Nikasema, "Tulikuwa tunaruka tu, mama."

Aliangalia gunia, akaniangalia mimi, akamwangalia Zefi. Alikuwa ametukuta hivyo siku zote zile, tumelowa na tuna joto, na hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Akasema kwa sauti ya chini, "Munaruka, na tata yenu analala?" Akachukua kikapu chake akaenda.

Zefi alikuwa hajaruka hata mara moja asubuhi ile.

Aliporudi alinikuta nimemlaza Zefi kwenye kivuli cha mlango. Nilimwambia amechoka na kuruka. Akaamini. Siku ya pili Zefi alikohoa, nikamfundisha kukohoa ndani ya kitenge kilichokunjwa. Asubuhi kabla ya saa moja, mama akiwa nje akiwasha makaa, nilimwaga maji ya mtungi kwenye kitambaa, nikamfuta uso, shingo, kwapa, mgongo, mpaka ngozi ikapoa. Nilijisikia mwerevu kuliko watu wote wa kambi. Makofi mawili yakapigwa, tukatoka, nikakimbia polepole kwa makusudi ili yeye asionekane wa mwisho. Chaki ikachorwa.

Siku ya tatu nilimfuta tena kwa maji. Alitetemeka. Nikamwambia ni leo tu, ingawa sikujua kwa nini iwe leo tu. Tulipotoka, jua lilikuwa bado chini na vumbi la barabara lilikuwa na umande. Tata Leonardi akatuambia tukimbie. Nilitegemea nimvute kwa mkono ikibidi, lakini Zefi alinipita. Alikimbia akiwa ameinua magoti juu, kama nilivyomfundisha kwenye gunia, mikono imekunjwa, hatazami kulia wala kushoto. Aligusa bomba kabla yangu. Aligeuka. Alinipita tena njiani akirudi, na niliona uso wake, midomo imekauka na macho hayanioni mimi, yanaona mlango tu. Watoto wa barabara, kila mmoja kwenye kiwanja chake, wakampigia makofi. Mlinzi naye alicheka na fimbo yake.

Tata Leonardi alichora mstari kwenye mlango wetu akasema huyu mdogo atakuwa askari. Akaenda nyumba ya pili.

Ndani, Zefi alijilaza kwenye mkeka bila kuvua gauni. Alikuwa akipumua kwa haraka, na matundu ya pua yake yalifunguka na kujifunga.

"Yaya," aliniuliza, "nilikimbia mbio?"

Nikamwambia amekimbia sana, amenishinda hata mimi. Akafumba macho. Sikuhitaji kumpigapiga mgongo.

Lori la wanaume wa usiku lilifika saa tatu. Baba aliingia, akavua koti, akampa mama, na mama akatoka nalo kulitundika kwenye msumari. Baba alikuwa na desturi ya kupita pazia moja kwa moja, bila maneno, kwa sababu mtu wa posti ya usiku hatumii maneno yake asubuhi. Siku hiyo alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amesikia pumzi. Mimi na mama tulikuwa tumeizoea tangu alfajiri, ikapanda kidogo kidogo, na hatukuisikia tena. Yeye ametoka kwenye kelele za treni, akaisikia. Alipiga magoti na viatu vyake vyenye matope, akaweka sikio kwenye kifua cha Zefi.

"Tangu lini iko hivi?" aliuliza.

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni mkono bado uko kwenye koti, alisema alimwona na joto siku mbili zilizopita, akafikiri ni mchezo. Alisema hivyo hivyo: akafikiri ni mchezo. Baba akanigeukia mimi. Ilikuwa nafasi yangu, na kilichohitajika ni sentensi moja. Nikaangalia gunia.

Hakungoja. Alimbeba Zefi akatoka naye, akapita barabara yote ambayo tulikuwa tumekatazwa, na mlinzi alipoinua fimbo na kumwambia arudi, baba aliendelea kutembea kwa mwendo ule ule mpaka mlinzi akasogea pembeni mwenyewe. Niliwatazama mpaka walipovuka uwanja wa majani. Miguu ya Zefi ilikuwa ikining'inia.

Tata Leonardi alikutwa huko huko. Baba alisimulia baadaye kwamba yule muuguzi alimpokea mtoto akabaki anamtazama, akisema kwamba haiwezekani, huyu amekimbia leo, amemwona kwa macho yake. Alisema hivyo mara nyingi. Maradhi yalikuwa yameshuka kwenye mapafu. Zefi alikaa nyumba za nyuma siku mbili, na mchana wa siku ya pili, king'ora cha chakula kilipokuwa kinalia, alifariki. Tuliletewa habari na yeye mwenyewe Tata Leonardi, ameshusha kitambaa usoni, na ndipo nilipoona kwamba alikuwa kijana sana.

Tangu kesho yake hakuna mtoto aliyekimbizwa tena katika barabara zetu. Tata Leonardi alipita mlango kwa mlango, akaweka kiganja chake kwenye kila kichwa, polepole, ilimchukua mpaka adhuhuri. Na yeye pia, naona, aliondoka pale na fungu la lawama lisilokuwa lake.

Wale wanaume walikuja kuchoma mkeka wetu. Ulikuwa mkeka wangu pia.

Wiki iliyofuata Kasongo alirudi. Alitokea kwenye uwanja wa majani akitembea kwa miguu yake, amenenepa zaidi, amevaa kaptula mpya, blanketi jipya la rangi ya kijivu begani. Nilimwona nikiwa juu ya jiwe, na ninyi mlioniamini mpaka hapa mtaniamini nikisema kwamba niliogopa, nikadhani ni mzimu. Alikuja moja kwa moja ukutani. Hakuwa ameambiwa habari za Zefi, au aliambiwa na hakujua la kufanya nazo, kwa sababu alianza kujigamba kama kawaida yake. Kitanda cha chuma chenye springi. Mkate na maziwa ya kopo. Mama mmoja mtawa mwenye kucheka.

"Na kulala," aliniambia. "Banakuacha unalala mpaka jua inapanda juu. Banasema dawa ya hii homa ni kulala tu. Hakuna mutu anakukimbiza."

Nilishuka kwenye jiwe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na doa jeusi la moto, nikakaa hapo mpaka mama alipokuja kuniita. Aliniinua. Alidhani ninamlilia Zefi, na kweli nilikuwa ninamlilia, lakini alinibembeleza kwa jambo moja na mimi nilikuwa nikilia kwa mawili. Akanikumbatia akaniambia kosa si langu, mimi ni mtoto, yeye ndiye aliyemgusa akajua ana moto na bado akaenda kupanga foleni ya unga.

Ningemwambia pale. Nilifungua mdomo. Lakini mikono yake ilikuwa mizuri, na sikutaka initoke.

Kosa la mtoto yule aliyeogopa moshi wa mkeka, nimelisamehe. Nimekuwa na watoto na wajukuu, najua jinsi kichwa kidogo kinavyofunga hesabu zake kwa vipande kilivyopewa. Ninachosema hapa ni habari ya mtu mzima. Nilisoma mpaka sekondari, nikapata kazi ya ukarani, nikaoa, nikajenga. Baba alipofariki nikamchukua mama akae kwangu, akakaa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikukosa nafasi ya kumwambia.

Mama hakupata tena usingizi wa kweli baada ya Zefi. Kila mtoto aliyezaliwa baada yake, na kila mtoto wangu, na kila mgeni mdogo aliyelala nyumbani, alikaguliwa na mkono wake. Alikuwa anaamka, anapita mkeka kwa mkeka, kitanda kwa kitanda, anaweka kiganja kwenye paji la uso, anangoja, anahamia kwa mwingine. Mtoto akicheza akapata jasho, alimwita, akamkalisha, akamngojea apoe kabisa ndipo amguse tena, ahakikishe joto limeondoka. Watoto wangu walilalamika. Mke wangu alidhani ni uzee. Mimi peke yangu nilijua anatafuta nini, na ningeweza kumwambia aache kutafuta, kwamba mkono wake siku ile ulikuwa umesema kweli na mimi ndiye niliyeudanganya.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa akilala mchana kama baba zamani. Nilikuwa nimekaa karibu naye, tumefungua dirisha, watoto wako shule. Nilidhani amesinzia.

"Ilunga," aliniita. Akasema macho yamefumbwa, kwa sauti ya mtu aliyelibeba swali muda mrefu mpaka halina uzito: "Ile siku, Zefi alikuwa anaruka kweli?"

Nilikuwa mzee tayari, nina mvi. Hapakuwa na baba wa kuamsha, wala fimbo, wala machela. Nilimwangalia uso wake, na nikaona kwamba alikuwa akiniomba. Mpaka leo sijui aliomba jibu lipi.

"Alikuwa anaruka, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kidogo kwenye mto.

"Basi hakuna mutu alinidanganya, kosa ni yangu mi mwenyewe," alisema.

Akageukia ukutani, na nikamwacha alale nalo.